Wageni wanatoka Toronto kwa ndege, nyumbani kuna mtoto wa miezi saba: tujipangeje na surua?

MjukuuWaUjiji ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba wenye ujuzi wa chanjo na magonjwa ya kuambukiza wanisaidie kulipanga hili mapema.

Kuna harusi hapa Kigoma Jumamosi tarehe 13 Desemba. Kaka, shemeji na mtoto wao wa miaka mitatu wanapanda ndege Toronto tarehe 1, wanabadilisha Addis Ababa, wanalala Dar, na tarehe 3 wanatua Kigoma. Watafikia nyumba ileile yenye mtoto mchanga wa miezi saba. Kanada mwaka huu wa 2025 imepata wagonjwa wa surua zaidi ya 5,000, na mwezi huu wa Novemba imepoteza hadhi ya nchi iliyotokomeza surua, hadhi iliyokuwa nayo tangu 1998.

Nataka kujua: ukikaa ndege moja na mgonjwa, hatari ni ya jirani wa kiti au ya ndege nzima? Wakitua wazima, ni baada ya siku ngapi tuseme hakuna tena wasiwasi? Na huyu mtoto wa miezi saba, achanjwe sasa au asubiri miezi tisa?

---

KasuluMjini:

Ndugu, usijipe presha. Uwanja wa ndege wanapima joto, mwenye homa anatolewa pembeni. Na hewa ya ndege inachujwa. Wakipita pale salama, andaeni pilau.

---

HesabuYaSiku:

KasuluMjini, kipimajoto ndipo watu wengi wanapopotea. Kwa surua hakisaidii kitu kwa mtu aliyeambukizwa jana au juzi, kwa sababu hana homa. Virusi vikishaingia vinakaa siku kama 10 mwilini bila dalili yoyote ya kuonekana. Baada ya hapo ndipo homa, mafua, kikohozi kikavu na macho mekundu yanayouma kwenye mwanga vinapoanza. Vipele hutoka kwa kawaida siku ya 14 tangu kuambukizwa, ingawa vinaweza kuwahi siku ya 7 au kuchelewa hadi siku ya 21. Na mgonjwa anaambukiza wengine kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada ya vipele.

Hilo la siku 4 kabla ndilo la kulishika. Siku hizo zote anaonekana mtu mwenye mafua tu.

MjukuuWaUjiji, chukua kalenda. Tuseme mmoja wao ameambukizwa tarehe 1 Desemba pale Toronto, kwenye foleni ya kukabidhi mizigo. Tarehe 3 anatua Kigoma mzima kabisa. Tarehe 11 anaanza homa na chafya, na tangu siku hiyo anaambukiza. Tarehe 13 yuko ukumbini anakumbatiana na watu, anasema ni vumbi na uchovu wa safari. Vipele vinatoka tarehe 15, kwanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso karibu na nywele, kisha usoni, kifuani, mpaka miguuni siku ya tatu. Kwa hiyo tarehe ya harusi yenu imeangukia mahali pabaya kuliko pote kwenye hesabu.

Kama aliambukizwa mapema zaidi, mathalani tarehe 24 Novemba, basi vipele ni tarehe 8 Desemba na siku za kuambukiza ni tarehe 4 hadi 12. Hapo harusi inapona kidogo, lakini mtoto wa nyumbani amekaa naye siku zote hizo.

Mwisho wa wasiwasi ni siku ya 21 tangu siku ya mwisho ya kuwa hatarini. Wakitua Kigoma tarehe 3, na mkihesabu kiwanja cha Dar na ndege ya mwisho kuwa sehemu ya safari, mwisho ni tarehe 24 Desemba.

Zamani safari yenyewe ndiyo ilikuwa karantini. Meli ikikaa baharini wiki sita na mgonjwa mmoja ndani, surua inawapitia wote wasio na kinga na inaisha kabla ya kutia nanga. Mwendo ulipoongezeka ngao hiyo ikavunjika. Mwaka 1875 ilifika Fiji kwa meli iliyomrudisha mfalme wao Cakobau kutoka Sydney, na inakadiriwa watu 40,000 walikufa, zaidi ya robo ya wenyeji. Ndege imefupisha zaidi: mtu anavuka dunia kwa saa 30, virusi vinahitaji siku 10 ndipo vijionyeshe. Hakuna afisa wa afya, hata awe makini namna gani, atakayemwona mgonjwa huyo uwanjani.

Kwa hiyo kazi yote ni ya kabla. Waulize leo, siyo wakifika: kila mmoja ana dozi ngapi, na zimeandikwa wapi? Mtu mzima anatakiwa awe na dozi mbili zilizopishana siku 28 au zaidi. Dozi moja baada ya umri wa mwaka mmoja inalinda watu kama 93 kati ya 100, mbili zinafika 97. Kinga huchukua takriban wiki mbili kujijenga, kwa hiyo asiye na uhakika achanjwe wiki hii. Kurudia dozi kwa aliyekwisha kuchanjwa hakuna madhara.

Na huyo wa miaka mitatu mwangalieni kwa jicho la pekee. Hapa Tanzania mtoto wa umri huo angekuwa na dozi mbili, miezi 9 na miezi 18. Jimbo la Ontario, lilipo jiji la Toronto, dozi ya kwanza ni mwaka mmoja na ya pili hupewa kati ya miaka 4 na 6. Hivyo inawezekana kabisa ana moja tu, na wazazi wanasema kwa haki kabisa kwamba "chanjo zake zimekamilika". Waombe wampatie ya pili kabla ya safari. Inaruhusiwa mradi siku 28 zimepita tangu ya kwanza.

---

FundiHewa:

Niongezee la ndege, maana swali la kwanza halijajibiwa.

Ndege kubwa za safari ndefu zina hewa nzuri kuliko ukumbi wowote wa harusi. Hewa inaingia juu ya vichwa, inashuka na kutokea chini karibu na miguu ya safu ileile, haisafiri sana kutoka mbele kwenda nyuma. Karibu nusu ni hewa mpya ya nje, nusu ni ya ndani iliyopitishwa kwenye vichujio vya hepa vinavyokamata zaidi ya 99.9% ya chembe ndogo sana. Hewa ya kabati inabadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Chumba cha kulala kilichofungwa madirisha hakifikii hata mara mbili.

Mbona basi surua inaambukiza ndani ya ndege? Kwanza, inatosha kuvuta kiasi kidogo sana. Katika kila watu 10 wasio na kinga waliokaribiana na mgonjwa, 9 huugua. Aliye safu yako hakohoi kupitia kichujio, anakohoa kuelekea kwako. Pili, watu hawakai kwenye viti: wanapanga foleni ya choo, wanapita na watoto kwenye njia ya kati. Kwa miaka mingi wafuatiliaji walitafuta waliokaa safu moja na mgonjwa, safu 2 mbele na 2 nyuma, pamoja na watoto wote waliopakatwa popote walipo. Lakini wamepatikana walioambukizwa wakiwa wamekaa mbali zaidi ya hapo, na ndiyo maana baadhi ya nchi zinatafuta abiria wote.

Tatu, na hapa ndipo pasahaulikapo: hewa inafanya kazi pale mfumo unapowashwa. Ndege ikikwama ardhini na mfumo umezimwa, mnabaki kwenye chupa iliyozibwa. Alaska mwaka 1977 ndege ilikwama hivyo saa tatu ikiwa na mgonjwa mmoja wa homa ya mafua, na karibu robo tatu ya abiria waliugua ndani ya siku tatu. Mafua hayo hayaenei kwa urahisi wa surua.

Ndege nyingi ndogo za mapanga za safari za ndani hazina vichujio vya hepa. Na ikiwa imetua Tabora kushusha na kupakia, joto la mchana linafanya watu wapepee kwa kadi za usalama huku wamesubiri. Mkiona hivyo, fungua kile kitundu cha hewa juu ya kiti mpaka mwisho na ukielekeze kipite mbele ya uso wako.

Hata hivyo ningeogopa zaidi ukumbi wa kusubiria kuliko ndege. Virusi vya surua vinaelea hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Unaweza kukaa kwenye benchi alilokaa mtu ambaye ndege yake imeshapaa, usimwone kabisa, na ukaambukizwa. Waambie wachague kona yenye nafasi, mtoto asicheze kwenye kundi, na wavae barakoa wakiwa viwanjani.

Jambo moja dogo: wasitupe vipande vya bodingi pasi. Wapige picha namba ya ndege, tarehe na kiti, wazihifadhi siku 21. Mamlaka za afya zikitangaza kwamba ndege fulani ilikuwa na mgonjwa, hicho ndicho kitawaambia kama linawahusu.

---

MjukuuWaUjiji:

Asanteni sana, nimeshawaandikia. Kaka ana kadi yenye dozi mbili. Shemeji hana kumbukumbu yoyote, na mtoto kweli ana moja tu, kama HesabuYaSiku alivyosema. Wameweka miadi wiki hii. Sasa naomba la mtoto wa nyumbani.

---

NesiWaKliniki:

Kwanza hongera kwa kuuliza kabla.

Ratiba yetu ya kawaida ni chanjo ya surua-rubela miezi 9, na dozi ya pili miezi 18. Umri wa miezi 9 umechaguliwa kwa sababu kinga anayoipata mtoto kutoka kwa mama bado inazurura mwilini miezi ya mwanzo na inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ukichanja miezi 9 inashika kwa watoto kama 85 kati ya 100, ndiyo maana ya pili si ya hiari.

Miezi 6 hadi 8 kuna dozi inayoitwa dozi sifuri. Hutolewa panapokuwa na mlipuko, kwenye kambi za wakimbizi, kwa watoto wanaoishi na VVU, au mtoto anayekwenda mahali penye surua. Inaitwa sifuri kwa sababu haihesabiwi: akiipata miezi 7, bado atachanjwa miezi 9 na miezi 18 kama kawaida. Mzazi asije akaona kadi ina alama akadhani amemaliza.

Je, wako anastahili? Hilo si la kuamuliwa na nesi wa dirishani peke yake. Nenda na kadi ya kliniki, eleza tarehe kama ulivyoeleza hapa, omba nesi amuulize mratibu wa chanjo wa manispaa. Kigoma tuna sababu ya kusikilizwa, maana ng'ambo ya ziwa, Kongo, surua haijawahi kutulia. Mwaka 2019 mlipuko wao uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Na wasafiri wa huko hushuka kwa maboti hapa bandari ya Kibirizi.

Wakikubali, nenda siku ya chanjo ya surua ya kituo chako, asubuhi. Kichupa kimoja ni dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake kinatumika ndani ya saa 6 au mpaka mwisho wa kliniki ya siku hiyo, kipi kitangulie, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana baadhi ya vituo hukusanya watoto siku moja. Mwongozo unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa hiyo ukirudishwa mara ya pili, sema kwa upole na uombe msimamizi. Mambo mawili unaweza kuyaona kwa macho yako: kichupa na maji yake vinatoka kwenye kibebeo chenye barafu, na mraba ulio ndani ya duara la kibandiko cha kifuniko cha kichupa uwe na rangi nyepesi kuliko duara. Mraba ukilingana na duara au ukiwa mweusi zaidi, chanjo imepigwa na joto, haifai. Sindano ni nusu mililita, chini ya ngozi, mkono wa kushoto. Homa kidogo na vipele vichache siku ya 7 hadi 12 ni kawaida na haviambukizi.

Asipopata dozi sifuri, mzingireni. Kila mtu mwingine wa nyumba hiyo awe na dozi mbili, pamoja na dada wa kazi na watoto wa jirani wanaoshinda hapo. Wageni walale chumba kingine, madirisha wazi mchana. Mama mjamzito hachanjwi chanjo hii, kwa hiyo kama yupo naye muwekeni upande wa mtoto.

---

KasuluMjini:

Nimejifunza, naondoa kauli yangu ya kipimajoto. Ila nimesikia ukichanjwa ndani ya saa 72 baada ya kukutana na mgonjwa inazuia. Basi si wasubiri tu waone? Na kuna wanaosema vitamini A inakinga.

---

HesabuYaSiku:

Saa 72 ni kweli, lakini zinahesabiwa tangu kukutana kwa mara ya kwanza, siyo tangu vipele vitoke. Rudi kwenye kalenda. Mgeni ameanza kuambukiza tarehe 11. Aliyelala naye nyumba moja saa zake 72 zinakwisha tarehe 14. Vipele vinatoka 15. Kwa watu wa nyumbani, siku mnayojua kwamba ni surua dirisha limeshafungwa. Kwa waliokutana naye ukumbini tarehe 13 mnabakiwa na siku moja tu, hadi 16. Jaribu kuwapata wageni 300 waliokwishapanda mabasi ya Kibondo na treni ya Tabora kwa siku moja! Kuna sindano ya kingamwili inayofanya kazi hadi siku ya 6, ila kuipata huku kwetu ni kazi ngumu.

Chanjo ya saa 72 ni ya kuokoa kinachookoleka. Haiwezi kuwa mpango.

---

NesiWaKliniki:

Vitamini A haizuii kuambukizwa. Ni tiba ya aliyekwisha kuugua, na inaokoa macho na maisha. Sehemu ya ushahidi wake imetoka hapahapa Tanzania: hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua, matokeo yakachapishwa 1987. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida walikufa 12; kati ya 88 walioongezewa vitamini A walikufa 6.

Dozi ni leo na kesho, mara mbili. Miezi 6 hadi 11 ni kidonge cha bluu chenye uniti 100,000. Mwaka mmoja na kuendelea ni chekundu cha 200,000. Chini ya miezi 6 ni uniti 50,000, yaani nusu ya matone ya cha bluu. Unakata ncha na kukamulia mdomoni. Atoe mhudumu wa afya, aandike kwenye kadi, kwa sababu dozi kubwa ikirudiwarudiwa ni sumu. Mjamzito asipewe kabisa dozi hizi.

Na tafadhali, macho ya mgonjwa wa surua yaoshwe kwa maji safi tu. Maziwa ya mama, maji ya majani, asali, vyote viache. Mboni iliyokwisha kudhoofika kwa kukosa vitamini A ikiwekewa dawa ya kienyeji inatoboka, na mtoto anabaki kipofu kwa ugonjwa ambao ungepita kwa wiki mbili.

---

SampuliNaBarafu:

Halijaguswa la vipele vikitokea kweli, nitalisema kwa ufupi.

Usimpeleke moja kwa moja akakae foleni ya wagonjwa wa nje. Foleni hiyo ina watoto wachanga, na hewa yake inabaki na virusi saa mbili baada ya ninyi kuondoka. Piga simu kituoni kwanza, au 199 ya Wizara ya Afya, bure. Kama huna simu ya kituo, mtu mmoja mzima aingie akaseme "tuna mgonjwa mwenye homa na vipele, ametoka nje ya nchi", mgonjwa abaki nje chini ya mti na barakoa usoni. Nendeni kwa gari au bajaji iliyo wazi, siyo daladala.

Kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Pitisha kiganja mgongoni: utahisi mikwaruzo kama msasa laini. Angalia ndani ya shavu usawa wa magego, siku moja au mbili kabla ya vipele huonekana vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi.

Damu huchukuliwa kwa kila anayeshukiwa, ndani ya siku 28 tangu vipele, inatengwa majimaji yake na kusafirishwa kwenye baridi hadi maabara ya taifa Dar. Ikichukuliwa siku 3 za mwanzo za vipele, inaweza kusema "hana" kwa karibu robo ya wagonjwa ambao wanayo. Jibu hilo lisiwafanye mumtoe ndani, ombeni irudiwe. Ombeni pia sampuli ya koo ichukuliwe mapema, ndani ya siku 5. Hiyo ndiyo inayoonyesha aina ya virusi, na aina ndiyo inayosaidia kujua kama vimetoka Kanada, Kongo au hapa Ujiji.

Mgonjwa akae chumba chake mpaka siku 4 kamili zipite baada ya vipele. Akianza kupumua haraka, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au ukiona ukungu kwenye mboni, ni hospitali ya Maweni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

---

MjukuuWaUjiji:

Nimeelewa. Kesho asubuhi kadi ya mtoto inakwenda kliniki na hizi tarehe zimeandikwa pembeni. Swali la mwisho: kama wageni wote wana dozi mbili, bado wasimpakate?

---

NesiWaKliniki:

Wenye dozi mbili zilizokamilika wiki mbili kabla ya safari wampakate bila shaka. Shemeji akipata dozi yake wiki hii, hiyo ni moja. Ya pili haitakuwa imefikisha siku 28 kabla ya harusi. Huyo asubiri mpaka tarehe 24, na mafua yakimshika kati ya tarehe 3 na hapo, ahamie nyumba isiyo na mtoto siku hiyohiyo, asingoje vipele.